Mwisho Usiotosha: Bleach na Hatima ya Manga Ndefu

Waandaaji wa mhadhara huu wameomba mada iwahusu wasomaji vijana bila kuwachosha wazee. Yaonekana hakuna mada inayofaa zaidi kuliko hadithi ambayo vijana wengi waliohudhuria waliisoma kwa siri chini ya dawati.

Tarehe 22 Agosti 2016, jarida la Weekly Shonen Jump la Japani lilichapisha sura ya 686 ya manga iitwayo Bleach, kazi ya Tite Kubo, na kwa sura hiyo hadithi ikakoma. Ilikuwa imedumu miaka 15 tangu Agosti 2001. Juzuu zake zilikuwa 74, na nakala zilizokuwa zimechapishwa zilivuka milioni 100. Hata hivyo, wasomaji wengi waliifunga sura ile wakiwa na hisia moja: kwamba walichoahidiwa hakikufika chote. Hawakukasirika kama watu waliotukanwa. Walibaki wakitazama ukurasa wa mwisho na kuuliza kama kuna kurasa zilizosahauliwa kiwandani.

Lengo la mhadhara huu ni kueleza kwa nini jambo kama hilo hutokea. Dai lake ni kwamba mwisho dhaifu wa manga ndefu hauandikwi katika sura ya mwisho. Hutengenezwa miaka mingi kabla, na jarida linalolipwa ili hadithi isiishe, na hadithi inayokua kwa kuongeza watu na maswali, na mwili wa mtu mmoja anayechora kila wiki. Bleach itakuwa mfano mkuu kwa sababu ndani yake mambo hayo yote yanaonekana waziwazi.

Kwa msikilizaji ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Ichigo Kurosaki ni mwanafunzi wa miaka 15 katika mji wa kubuni wa Karakura, na tangu utotoni huona roho za wafu. Usiku mmoja anakutana na Rukia Kuchiki, ambaye ni Shinigami, yaani askari wa ulimwengu wa wafu: huzivusha roho njema na kuwaua viumbe waovu waitwao Hollow. Rukia anajeruhiwa, anampa Ichigo nguvu zake, na kwa kosa hilo anahukumiwa kifo huko kwao, Soul Society. Ichigo na rafiki zake wanavamia ulimwengu huo kumwokoa. Mwisho wa uvamizi huo unafichuka usaliti wa Sosuke Aizen, kapteni aliyedhaniwa amekufa. Vita dhidi ya Aizen vinaendelea hadi 2010. Kinafuata kisa kifupi ambamo Ichigo amepoteza nguvu zake, na mwaka 2012 inaanza sehemu ya mwisho, Vita vya Damu vya Miaka Elfu, inayochukua sura zaidi ya 200.

Hoja ya kwanza: jarida halina idara ya miisho

Shonen Jump lilianzishwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likawa la kila wiki. Toleo moja hubeba hadithi kama 20 hivi, kila moja ikipewa kurasa zipatazo 19. Kwa miongo mingi ndani ya jarida mlikuwa na kadi ya posta ambayo msomaji huijaza na kuirudisha, akitaja hadithi tatu zilizomvutia katika toleo hilo. Wahariri huhesabu kura hizo. Hadithi mpya isiyopata kura inaweza kukatwa baada ya wiki chache zaidi ya kumi, na mtunzi hupewa nafasi ndogo tu ya kufunga alichoanza.

Kubo aliujua upanga huo. Hadithi yake ya kwanza ya mfululizo katika jarida hilo, Zombiepowder, ilianza 1999 na kukatizwa 2000, ikiwa na juzuu nne tu. Mtu aliyekatwa namna hiyo hurudi akijua kwamba kazi yake ya kwanza ni kumfanya msomaji arudi wiki ijayo. Mwaka ujao utajipanga wenyewe. Sura za mwanzo za Bleach zina alama zote za maarifa hayo: kila moja ina tukio lake, mzaha wake, na ukurasa wa mwisho unaomnyima msomaji usingizi.

Hadithi ikifaulu, shinikizo hugeuka upande. Bleach ilipata Tuzo ya Manga ya Shogakukan mwaka 2005. Anime yake ilianza kuonyeshwa Oktoba 2004 na kufika vipindi 366 kabla ya kusimama Machi 2012. Kulikuwa na filamu za sinema, michezo ya video, tamthilia za muziki za jukwaani, na bidhaa zisizohesabika. Kila mmoja katika mlolongo huo, kuanzia mchapishaji hadi mtengenezaji wa sanamu za plastiki, alikula kwa sababu hadithi haijaisha.

Wahariri wana kumbukumbu nyingine inayowatia hofu. Toleo moja la Jump la mwishoni mwa 1994 lilichapishwa nakala milioni 6.53, rekodi ambayo haijavunjwa. Dragon Ball ya Akira Toriyama ikaisha mwaka 1995 na sura yake ya 519. Slam Dunk ya Takehiko Inoue ikaisha mwaka 1996. Mwaka 1997 mshindani, Weekly Shonen Magazine, akalipita Jump kwa mauzo. Zilikuwapo sababu nyingine za anguko hilo, lakini mhariri aliyeishi miaka ile hahitaji takwimu nyingi kuamini kwamba mwisho wa hadithi kubwa ni hasara kwa kampuni.

Matokeo yake ni kwamba katika mfumo mzima hakuna mtu anayelipwa kwa ajili ya mwisho. Yupo anayelipwa kwa mwanzo mzuri, na wapo wengi wanaolipwa kwa kuendelea. Mwisho huachwa uwe shauri la mtunzi, na mara nyingi anaufikia akiwa amechoka na jarida limeanza kuangalia vijana wengine. Bleach ilikuwa imeshapita kilele chake cha mauzo ilipoingia sehemu ya mwisho. Hilo halina aibu kwa hadithi ya zaidi ya miaka kumi. Ila lina maana kwamba ilipohitaji nafasi zaidi, sababu ya kupewa nafasi ilikuwa imepungua.

Hapa wasikilizaji waliokulia na hadithi za magazetini za Kiswahili, zile zinazoishia na neno “Itaendelea”, watatambua kitu. Wengi wanaweza kutaja hadithi waliyoifuata kwa miezi, na wachache sana wanakumbuka ilivyokwisha.

Hoja ya pili: madeni ya hadithi

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na itachukua muda.

Kubo ni fundi wa watu. Uwezo wake mkubwa ni kumwingiza mhusika kwa kurasa mbili tu, kwa vazi, mkao na maneno machache, na msomaji akaapa kwamba mhusika huyo ana maisha kamili nyuma yake. Katika kisa cha kumwokoa Rukia aliwaingiza makapteni wa vikosi 13, pamoja na manaibu wao. Kila kapteni ana upanga wenye jina, na karibu kila upanga una hatua mbili za kufunguka. Hatua ya juu, bankai, ni siri inayotunzwa. Msomaji alipowaona makapteni wamesimama pamoja, alipewa ahadi 13 kwa mchoro mmoja.

Kisha akaja Aizen na jeshi lake la Espada kumi, kila mmoja na nambari, upanga na umbo lake la pili. Katikati walitokea Shinigami waliofukuzwa, nao wana vinyago na historia. Katika sehemu ya mwisho wakatokea maadui wa kabila la Quincy chini ya mfalme wao Yhwach, na askari wake wakuu wakapewa kila mmoja herufi ya alfabeti na nguvu inayoanza na herufi hiyo. Juu yao kukawa na walinzi watano wa Mfalme wa Roho, wanaosemekana kuwa na nguvu kuliko makapteni wote kwa pamoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pambano moja la heshima katika jarida la wiki linahitaji sura nne au tano. Kubo huchora kwa nafasi kubwa: uso mmoja hujaza nusu ya ukurasa, na nyuma yake pana weupe mtupu. Mtindo huo ndio uzuri wa Bleach, lakini unakula kurasa. Wapinzani zaidi ya 20, makapteni na manaibu wao, Espada waliosalia na walinzi wa mfalme hawatoshi katika sura 200 na ushei. Mtu wa kwanza kupata hasara ni yule aliyekuwa amengojwa kwa muda mrefu zaidi.

Mfano ulio wazi ni upanga wa Ichigo mwenyewe. Katika sehemu ya mwisho anagundua ukweli kuhusu nguvu zake: baba yake alikuwa Shinigami, mama yake alikuwa Quincy, na roho iliyomfundisha ndani ya upanga haikuwa ile aliyoidhani. Ugunduzi huo unapanga upya karibu sura 500 zilizotangulia, na umeandikwa kwa ustadi mkubwa. Upanga unafuliwa upya, unakuwa panga mbili. Msomaji anasubiri kuona bankai yake mpya. Inakuja mwishoni kabisa, mbele ya Yhwach, na Yhwach anaivunja mara tu inapofunguka. Uwezo wake haukuonyeshwa.

Wapo wanaotetea tukio hilo kwamba linaonyesha ukubwa wa adui. Utetezi huo una haki kwa kiasi. Yhwach ana uwezo wa kuona nyakati zijazo zote na kuzibadilisha apendavyo, kwa hiyo kuvunja silaha kabla haijatumika kunalingana na tabia yake. Lakini uwezo wenyewe ndio tatizo. Adui anayeibadilisha kesho hawezi kushindwa kwa juhudi, wala kwa akili, wala kwa umoja, kwa sababu kila njia ameshaiona. Mtunzi anabaki na mlango mmoja tu: kitu kutoka nje. Ndivyo ilivyokuwa. Aizen, aliyefunguliwa kutoka gerezani, anampumbaza Yhwach kwa mazingaombwe yake. Uryu Ishida, rafiki wa Ichigo, anampiga kwa mshale wa fedha wa pekee unaozizima nguvu zake kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kinamtosha Ichigo kukata. Mazingaombwe ya Aizen msomaji aliyafahamu tangu miaka mingi, na kurudi kwake ni uamuzi mzuri. Mshale ule ndio uliowakera wengi, kwa kuwa ulifika katika hadithi muda mfupi tu kabla ya kutumika.

Madeni mengine yalifutwa kimyakimya. Uryu alijiunga na jeshi la Yhwach kwa sababu ya mama yake. Msomaji aliambiwa vya kutosha kuelewa, lakini si vya kutosha kuguswa. Mfalme wa Roho, ambaye ulimwengu mzima umesimama juu yake, aliuawa bila historia yake kuelezwa. Walinzi wake watano waliosifiwa mno walishindwa haraka, na bankai ya mmoja wao, Senjumaru Shutara, haikuonekana kabisa. Hatima ya Grimmjow, adui wa zamani aliyependwa sana, ilibaki hewani. Kila kipengele kikichukuliwa peke yake ni kasoro ndogo. Yote kwa pamoja ndiyo yaliyofanya miaka 15 ionekane imefungwa kwa haraka.

Sura ya 686 yenyewe, hata hivyo, ni sura nzuri. Imeruka miaka kumi. Rukia amekuwa kapteni wa kikosi cha 13 na ana binti na mumewe, Renji. Ichigo anaishi kliniki ya ukoo wake na mkewe, Orihime, na mtoto wao wa kiume, Kazui. Mabaki ya nguvu za Yhwach yanajitokeza, na Kazui anayagusa yakatoweka. Kazui anakutana na binti wa Rukia, Ichika, na kichwa cha sura ni kilekile cha sura ya kwanza ya 2001. Kama sura hii ya mwisho ingetanguliwa na sura 50 za kulipa madeni, leo ingetajwa miongoni mwa miisho ya upole katika manga za mapigano. Udhaifu ulikuwa katika zile 50 ambazo hazikuandikwa.

Ulinganisho unasaidia. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ilichapishwa katika jarida la kila mwezi kuanzia 2001 hadi 2010, sura 108, juzuu 27. Swali lake lilitajwa mapema na halikubadilika: je, ndugu wawili watairudisha miili waliyoipoteza? Maadui wakuu walikuwa saba na idadi hiyo ilijulikana. Mtunzi aliyeandika hivyo alikuwa na orodha fupi ya kufunga, na aliifunga. Arakawa hana kipaji kikubwa kuliko Kubo katika uchoraji wa mtu mmoja mmoja. Alikuwa na hesabu ndogo zaidi, na wiki nne kati ya sura na sura.

Hoja ya tatu: mwili wa mchoraji

Kurasa 19 kwa wiki zinaanza na rasimu ya michoro, inayopitiwa na mhariri. Kisha zinakuja penseli, wino, na mandhari ya nyuma ambayo wasaidizi huchora. Kubo amewahi kueleza kwamba afya yake iliharibika alipokuwa akiendelea na Bleach, na jarida lilitangaza mapumziko kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Hakuna sababu ya kumtafutia udhuru mkubwa zaidi ya huo. Mtu aliyefanya kazi hiyo kuanzia miaka yake ya ishirini na kitu hadi karibu arobaini ana haki ya kutaka kumaliza.

Wengine wamelipa zaidi. Kentaro Miura, aliyeanza Berserk mwaka 1989, alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, hadithi haijaisha. Rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alikuwa amemsimulia kisa chote hadi mwisho, aliongoza kuendelezwa kwake kuanzia Juni 2022, akiwa na wasaidizi wa Miura. Yoshihiro Togashi, mtunzi wa Hunter x Hunter inayoendelea kwa kusitasita tangu 1998, anasumbuliwa sana na mgongo. Mwaka 2023 alituma barua kwenye kipindi cha televisheni, ndani yake akaeleza mwisho mmoja wa hadithi, wa kutumika iwapo atakufa kabla ya kuimaliza. Ni jambo la ajabu kidogo kulitafakari: msomaji ameshapewa mwisho wa akiba.

Hoja ya nne: msomaji aliyengoja

Msomaji aliyeanza Bleach akiwa na miaka 12 alikuwa na miaka 27 ilipoisha. Katika muda huo alikuwa ametunga miisho yake mwenyewe, na kila mmoja ulikuwa na faida moja kuliko wa Kubo: haukuhitaji kuchorwa. Kwa hiyo lazima kutenganisha malalamiko yanayotoka kwa kazi na yale yanayotoka kwa kungoja.

Njia moja ni kuangalia aina za miisho inayolalamikiwa. Ipo iliyokatwa, kama Shaman King ya Hiroyuki Takei, iliyosimamishwa na Jump mwaka 2004 vita vyake vikuu havijakamilika. Hiyo si dhaifu kwa maana ya kawaida, ni jengo lisiloezekwa. Ipo inayobishaniwa, kama Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyofungwa Aprili 2021 kwa sura ya 139. Waliokasirika nayo hawakusema imeharakishwa tu; walisema shujaa aliyeua sehemu kubwa ya wanadamu ameagwa na rafiki yake kwa maneno yanayokaribia shukrani. Huo ni ubishi kuhusu maana, na kazi inayozua ubishi wa aina hiyo bado iko hai. Na ipo iliyokosewa hukumu. Slam Dunk iliishia baada ya mechi yake kubwa kuliko zote, na timu iliyoshinda mechi hiyo ikaelezwa kwa maneno machache kwamba ilifungwa vibaya katika mechi iliyofuata. Wengi walishangaa wakati huo. Leo wapo wachache wanaotaka mwisho mwingine, na filamu ambayo Inoue aliiongoza mwaka 2022 iliirudia mechi ileile na kuwajaza watu kumbi.

Bleach haiko katika makundi hayo. Haikukatwa, kwa sababu ilipewa nafasi ya kufunga. Haibishaniwi, kwa sababu maana yake ya mwisho, kwamba woga wa kifo ndio unaowapa walio hai ujasiri, imeelezwa waziwazi na Aizen mwenyewe. Nayo haikuhukumiwa vibaya. Ni kazi iliyofika ilipokusudia kufika huku mizigo mingi ikiwa imeachwa njiani.

Kusoma kwa mkupuo mmoja hubadilisha ladha. Anayesoma juzuu za 70 hadi 74 kwa usiku mmoja haoni udhaifu uleule aliouona aliyengoja kila Jumatatu. Kasi inayoonekana pupa kwa wiki huonekana mbio halali kwa juzuu. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Januari 2019, Shueisha, mchapishaji wa Jump, ilipoanzisha huduma ya Manga Plus, inayomwezesha msomaji wa Mombasa au Mwanza kuisoma sura mpya kwa Kiingereza siku ileile inayotoka Japani. Zamani msomaji wa pwani hii alikutana na hadithi ikiwa tayari nzima, kutoka kwa kaka mwenye kompyuta. Sasa naye amejiunga na foleni ya wanaongoja, na maumivu yake.

Hoja ya tano: mwisho haufungi mlango

Zamani sura ya mwisho ilikuwa ya mwisho. Siku hizi ni rasimu ya kwanza ya mwisho. Shaman King ilipata hitimisho lake kamili katika toleo jipya la 2008 na 2009. Sura ya mwisho ya Attack on Titan iliongezewa kurasa katika juzuu ya 34, na anime yake ilipoisha Novemba 2023 mazungumzo yaliyolalamikiwa yalikuwa yameandikwa upya kwa ushiriki wa Isayama. My Hero Academia ya Kohei Horikoshi iliisha jaridani Agosti 2024 kwa sura ya 430, kisha juzuu ya 42 ikaja na sura ya ziada iliyojibu swali ambalo wasomaji walilalamika limeachwa.

Bleach imekwenda mbali kuliko hizo. Riwaya za Ryohgo Narita zilizofuata ziliieleza historia ya Mfalme wa Roho. Agosti 2021, kwa kutimiza miaka 20, Kubo alichapisha katika Jump kisa kimoja kuhusu Kuzimu, kinachobadilisha namna msomaji anavyotazama vifo vya makapteni wote waliotangulia. Hatimaye Oktoba 2022 anime ilirudi kumalizia sehemu ya mwisho, Kubo akiwa karibu na watengenezaji. Sehemu ya pili ilikuja Julai 2023, ya tatu Oktoba 2024. Vita vya miaka elfu iliyopita, ambavyo katika manga vilitajwa tu, vilionyeshwa. Senjumaru alifungua bankai yake, na ikawa moja ya nyakati zilizosifiwa zaidi katika mfululizo mzima. Mtunzi alikuwa amebaki na hati za madeni, na anayalipa moja baada ya jingine.

Kuna hatari ndani ya faraja hiyo, na wanafunzi wa fasihi waliopo waizingatie. Kama mwisho unaweza kusahihishwa, jarida lina sababu ndogo zaidi ya kumpa mtunzi muda wa kuutunga vizuri mara ya kwanza. Msomaji wa manga aliyenunua juzuu 74 anaambiwa kwamba hadithi kamili iko kwenye televisheni, katika riwaya, na katika majibu ambayo Kubo huwapa wanachama wa klabu yake ya mtandaoni. Hilo ni jema kwa shabiki. Kwa kazi yenyewe, kama kitabu kinachoweza kuwekwa rafuni na kusomwa na mtu asiyejua lolote jingine, si jema.

Miaka michache ijayo itatoa majaribio mawili makubwa. La kwanza ni sehemu ya nne ya anime ya Bleach, iliyotangazwa kwa 2026, ambayo lazima ifike kwenye bankai iliyovunjika na mshale wa fedha. Watengenezaji watalazimika kuamua kama wanaongeza tu au wanabadilisha, na uamuzi huo utaonyesha mtunzi anapewa uhuru kiasi gani juu ya kosa lake mwenyewe. La pili ni One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997 na kuvuka juzuu 110. Baada ya mapumziko mafupi, Julai 2022 iliingia katika kile Oda anachokiita sehemu ya mwisho. Ina wahusika wengi kuliko Bleach mara kadhaa, na swali moja kubwa, hazina ile ni kitu gani, lililoulizwa katika sura ya kwanza. Oda ana faida ambazo Kubo hakuwa nazo: mauzo yanayolifanya jarida lisithubutu kumharakisha, na mapumziko ya mara kwa mara yaliyoruhusiwa rasmi. Watafiti wetu wa fasihi ya mfululizo wangefanya vyema kuanza sasa kuorodhesha madeni ya hadithi hiyo, juzuu kwa juzuu, kabla mwisho haujafika, ili siku ukifika uweze kupimwa kwa orodha iliyoandikwa mapema.